Mtihani wa leseni ya uhandisi wa umeme Marekani: ushauri kwa waliosomea Afrika Mashariki

Mhandisi aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi kisha akahamia Marekani hatasumbuliwa sana na nadharia katika mtihani wa PE, ule wa kupata leseni ya mhandisi mtaalamu, upande wa nishati ya umeme. Maswali ya awamu tatu, transfoma na mota za induksheni ni yale yale tuliyoyafanya chuoni. Kinachotukwamisha ni mazoea ya kazi ya nchi hii, na zaidi ya yote kanuni za ufungaji umeme zinazoitwa NEC. Sisi tumelelewa kwenye volti 240 na 415, hezi 50 na nyaya zinazopimwa kwa milimita za mraba. Huku utakuta volti 120/208 na 277/480, hezi 60, mota zinazotajwa kwa nguvu za farasi, na nyaya za AWG, kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya, ambazo namba ikipanda unene hupungua.

Kwa hiyo nakushauri uanze na NEC, hata kabla ya kufufua hesabu zako. Maswali ni 80 kwa saa 8, yaani wastani wa dakika 6 kwa kila swali, na mtihani hufanyiwa kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE. Huingii na kitabu chako. NCEES, ambao ndio waandaaji, hukuwekea kwenye skrini kitabu chao cha rejea pamoja na kanuni zenyewe. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba kanuni hizo hufunguliwa sura moja moja, na ukitafuta neno, utafutaji hauvuki sura uliyoifungua. Asiyejua kwamba kinga dhidi ya mkondo uliozidi iko sura ya 2, ukubwa wa nyaya sura ya 3, na mota na transfoma sura ya 4, dakika zake zitaishia katika kufungua na kufunga.

Tuseme umeulizwa waya wa kulisha mota ya awamu tatu ya nguvu za farasi 50, volti 460, inayofanya kazi mfululizo, na bati lake la maelezo linasema ampea 60. Mazoea yatakutuma uzidishe 60 kwa asilimia 125 upate 75, na jibu hilo huenda ukalikuta limekungoja kati ya machaguo. Lakini kwa ukubwa wa waya NEC inataka mkondo wa Jedwali 430.250, ambao ni ampea 65. Asilimia 125 yake ni ampea 81.25, na kwa shaba kwenye safu ya nyuzijoto 75 (selsiasi) unafikia waya namba 4, unaobeba ampea 85. Ampea 60 za kwenye bati zina kazi yake, nayo ni kupanga kinga ya mota isizidiwe na mzigo. Tofauti hii huipati kwa kukariri. Nilipokuwa najiandaa nilifunga vitabu vyangu vyote vya chuo, nikafanya kila swali la mazoezi kwa faili zile zile za skrini, hadi mkono ukazoea njia. Ni kazi ya kuchosha, lakini sijaona nyingine inayolipa kama hiyo.

Kuhusu kikokotoo usihangaike: Casio fx-991, ambayo wengi wetu tunayo tangu chuo, inaruhusiwa. Suala la shahada ndilo la kuwahi, kwa sababu majimbo mengi hutaka shahada ya nje ikaguliwe kwanza, na nakala za matokeo kutoka vyuo vya nyumbani huchelewa.

Siku yenyewe, kumbuka kwamba ukishawasilisha sehemu ya kwanza na kwenda mapumziko huwezi kurudi kwenye maswali yake. Jibu la kosa halikatwi alama, kwa hiyo usiinuke kitini ukiwa umeacha hata swali moja wazi.