Barua kwa mwanangu: ulale wapi ukienda kufua visu

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza mambo mawili: uende Pemba kwa boti au kwa ndege, na zile siku kumi za kujifunza kufua visu kwa mhunzi wa upande wa Konde ulale gesti Chake au kwa shangazi yako Wete. Halafu chini kabisa, kwa mstari mmoja, umetaja kwamba mke wa fundi ana chumba cha uani na kwamba wanafunzi wenzako wawili, wasichana, watalala hapo hapo. Hilo la chini ndilo lililonikaa.

La safari ni jepesi. Dar mpaka Unguja boti ni kama saa mbili, ukifika unalala kwangu, asubuhi unapanda ya Pemba. Ulizia mapema siku zake, hazifanani na za Unguja. Itakushusha Mkoani, na Mkoani iko kusini kabisa wakati Konde iko kaskazini, kwa hiyo kisiwa utakikata karibu chote: gari namba 603 mpaka Chake, pale unabadilisha unapanda ya Konde. Usijipangie kufika na kuanza kazi siku ile ile. Agosti upepo wa kusi unavuma na mkondo wa Nungwi unaujua, basi kaa nyuma na chini, utafune tangawizi. Meli ya usiku sitaki. Tangu ile ilipozama Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, mimi mtoto wangu akiwa baharini usiku silali, na hilo sibishani na mtu. Ndege nayo ni nzuri kwa tumbo, lakini zile ndogo mzigo wake kwa kawaida ni kilo 15, na wewe una viatu vizito na nyundo uliyonunua. Na ukirudi na kisu chako, iwe boti iwe ndege, kisikae kwenye mkoba wa mkononi. Kifunge kwa boksi gumu, kizungushie utepe wa gundi, kiingie kwenye begi la mzigo, na ukiulizwa useme ni kisu.

Sasa kulala.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 14. Banda la babu yako pale Ole unalijua kwa ule msingi uliobaki nyuma ya mdodo, lakini moto wake hukuwahi kuuona. Mimi nilikuwa mtu wa mivukuto. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, huu unaufungua unapoupandisha, ule unaukandamiza, pumzi isikatike. Mjomba wako hakuwa na subira ya kazi ile, alivukuta kama anayefukuza kuku, na babu alikuwa akimtoa ananiweka mimi. Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi. Mpaka leo mtu akichoma vifuu Jang'ombe hapa nasimama.

Mwaka ule nilimwomba nifue kisu changu mwenyewe. Alinyamaza siku tatu, kisha akanipa kipande cha springi ya lori bovu la Bedford, akaniambia nondo haifai, nondo hata uitie matiko, yaani uipashe moto na kuizamisha iwe ngumu, haishiki makali, springi inashika. Wiki mbili nzima baada ya skuli nilifua. Nilipiga nikapinda, nikanyoosha, nikapinda tena. Halafu kusugua kwa tupa, jioni baada ya jioni, mpaka vidole vikanuka chuma hata ninapokula. Kikawa kisu cha jikoni, urefu wa shibiri moja na vidole viwili, tumbo limebinuka kidogo kwa ajili ya kukatia vitunguu. Kilibaki kutiwa matiko tu. Babu akasema: Jumamosi, baada ya Alfajiri.

Ijumaa ile kulikuwa na harusi Chake, ya binti wa ami yangu. Nikaenda, nikalala kule. Kutoka Chake mpaka Ole ni karibu, nikajiambia nitapanda gari ya kwanza. Lakini karafuu zilikuwa zimeanza. Gari ya kwanza ilipita imejaa magunia mpaka juu, utingo ananing'inia nje. Ya pili vile vile. Majamvi ya karafuu yametandikwa kando ya barabara, harufu tamu kweli, na mimi nimesimama na khanga ya harusi nalia. Nikaanza kutembea. Nilifika jua limeshatoka juu ya minazi, kama saa tatu.

Moto ulikuwa umelala. Kisu changu kilikuwa juu ya fuawe, lile chuma la kufulia, kimeshatiwa mafuta, kimeshasuguliwa, kina ile rangi ya majani makavu kwenye makali. Mjomba wako ndiye aliyekitia. Babu hakunikaripia. Alinitazama miguu yenye vumbi, akasema, "Moto haungoji gari." Na kwake yeye sheria ilikuwa moja, anayetia matiko ndiye mwenye kisu. Kikawa cha mjomba wako.

Kipo kwake Mkoani mpaka leo. Ni kile chembamba chenye mpini wa mfenesi, umekikatia maembe tangu mdogo. Makali yake hayajaisha. Kila nikienda mimi ndiye ninayekitoa kwenye droo, nakata vitunguu vya watu wote nyumba ile, na sijawahi kumwambia mjomba wako neno.

Kwa nini alfajiri? Nilidhani ni ibada ya babu tu, nikaja kuelewa baadaye. Chuma kinasomwa kwa rangi, na rangi ya chuma haionekani juani. Kwenye mwanga mkali utadhani bado, kumbe umeshakiunguza. Gizagiza la alfajiri ndilo linalokuonesha ule wekundu wa tungule lililoiva, na hapo ndipo unakizamisha. Fundi wako pengine atakufundisha kwa sumaku: kikifika nyuzi kama 770 sumaku hainasi tena, unaongeza moto kidogo tu, kisha unazamisha. Ni sahihi, lakini hata huyo wa sumaku anatazama rangi. Babu alizamisha kwenye mafuta ya nazi yaliyochacha, akishasugua anakirudisha motoni polepole, mgongo chini, anaiangalia ile njano ikitambaa kuelekea makali. Ikifika rangi ya majani makavu anatoa. Ukichelewa inakwenda hudhurungi, halafu zambarau, halafu buluu, na makali yashalainika. Dakika hiyo ndiyo utakayokuwa umeivukia bahari. Wewe unaniuliza habari ya gesti yenye feni na intaneti Chake, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka kwenye moto, tena Agosti, na karafuu zile zile.

Moto haungoji gari, mwanangu.

Lakini ngoja. Nimelala na barua hii nikaamka na kujibishana mwenyewe. Babu angeweza kuwasha tena Jumapili. Makaa yalikuwepo, gunia zima, nililibeba mimi. Hakuwa na kazi ya mtu siku ile. Miaka zaidi ya 40 najiuliza angepungukiwa na nini kunisubiri siku moja, mimi niliyemvukutia tangu sijafika kifuani kwake. Mara namuona ana haki, alikuwa ananifundisha kazi kama anavyomfundisha mwanamume, bila kunionea huruma. Mara namuona alitafuta njia ya kisu kubaki kwa mtoto wa kiume. Yote mawili yananijia, na wakati mwingine kwa siku moja. Kwa hiyo usinichukue kama mtu asiye na kidonda ndani ya ushauri huu.

Na kulala kwa watu baki nako si jambo dogo. Chumba cha uani kina komeo ndani? Choo kiko wapi usiku? Mke wa fundi yupo siku zote kumi au ana safari? Nitumie namba yake nizungumze naye mama kwa mama, nitamjua kwa dakika tano. Kupikiwa utapikiwa, njaa hutaiona, lakini mwenye nyumba wa kijijini anamhesabia mgeni siku, na wewe tangu siku ya tatu shika ufagio, chota maji, usingoje kuambiwa. Gesti unalipa, unafunga mlango, hudaiwi adabu na mtu. Hilo nalijua, na ukiwa umechoka mikono imevimba unaweza kuhitaji mlango usiokuwa na salamu. Siku ya kwanza na ya pili viganja vitatoka malengelenge. Usiyatumbue.

Shangazi yako ndiye shida yangu hasa. Akisikia umekwenda Pemba hukulala kwake, nitasikia mimi kabla yako. Unamjua, hamuachi mtu kutoka nyumbani kwake tumbo tupu. Utaamka alfajiri umevaa, atakwambia kaa kwanza, mkate wa kumimina unaiva, chai ya maziwa hii, hata mbaazi hujaonja, na gari ya Konde imeshaondoka. Ni mapenzi, siyasemi vibaya. Lakini nimeona mapenzi ya namna ile yakimfikisha mtu saa tatu. Ungeweza kulala kwake usiku wa kwanza unapofika, na siku mbili za mwisho baada ya kazi kwisha, umpelekee kisu ulichokifua mwenyewe, ajivunie kwa majirani. Ungeweza. Siamui. Nilimwahidi baba yako nisikuamulie tena tangu lile la chuo, na nataka kuishika ahadi, ingawa ulimi unaniwasha na umeshajua ningelala wapi mimi.

Hili la mavazi lakini naamuru. Baibui la nailoni lisikaribie banda. Cheche ikilidondokea haliwaki tu, linayeyuka na kunata kwenye ngozi, na kovu la mkono wangu wa kushoto unalijua lilikotoka. Vaa pamba tupu, suruali ya pamba chini, gauni fupi la mikono mirefu, ushungi wa khanga uliochomekwa ndani usiwe na ncha inayoning'inia. Viatu vya kufunika. Miwani ya fundi uiombe hata kama wengine hawavai. Na umuulize chuma anachowapa ni cha nini. Akisema springi, mwambie babu yako naye alifua springi.

Ukipita Mkoani, ingia kwa mjomba wako, salimia, kitoe kile kisu kwenye droo ukitazame karibu na mpini. Kuna alama ya nyundo imeingia kidogo upande wa kushoto, tupa haikuifikia. Hiyo ni yangu.

Na siku watakayowatilia matiko, saa yoyote watakayochagua, nipigie kabla hujazamisha. Usiseme kitu, iweke tu simu juu ya kigoda karibu na mafuta, nisikie.

Mama yako