Kiswahili cha watoto wetu huku Kanada: kitafutie kazi

Kila mwaka shule zikifunguliwa napata ujumbe wa kina mama waliofika karibuni: "Dada, wako wanaongeaje Kiswahili? Wangu ananijibu Kiingereza tu." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja. Mimi ni mtu wa Lushoto, naishi Ottawa na mume wangu na watoto watatu, wote wamezaliwa huku.

Jibu langu fupi ni kwamba lugha isiyo na kazi mtoto anaiacha, na hana kosa. Akijua kwamba mama anaelewa Kiingereza, baba anaelewa Kiingereza na dada yake anaelewa Kiingereza, kwa nini ajisumbue? Kwa hiyo usianze na daftari la ngeli. Anza kwa kutafuta mtu au jambo ambalo bila Kiswahili mtoto hapati anachokitaka.

Kwetu kazi hiyo ililetwa na mto. Ottawa iko jimbo la Ontario. Ukivuka daraja uko Gatineau, jimbo la Quebec, na mambo yote yanageuka. Sheria 101 ya mwaka 1977 inataka watoto wa wahamiaji wasome shule za Kifaransa. Tangu Sheria 96 ya 2022, ofisi za serikali ya jimbo zinatakiwa kuwasiliana na mhamiaji kwa Kifaransa akishamaliza miezi sita, ukiacha mambo machache kama afya. Upande wetu shule nyingi ni za Kiingereza. Sasa wifi yangu anaishi Gatineau, ameolewa na mtu wa Bukavu, Kongo. Watoto walipokuwa wadogo, wake hawakujua Kiingereza na wangu hawakuwa na Kifaransa cha kutosha hata kuomba maji. Tukikutana Jumamosi, wakitaka kugombania mpira au kupanga namna ya kuiba maandazi jikoni, kilichobaki ni Kiswahili. Hakuna mtu mzima aliyewahimiza. Sisi tulikuwa sebuleni tunakunywa chai, tunasikia kelele.

Sio kila mtu ana wifi ng'ambo ya mto, najua. Lakini karibu kila mtu ana bibi nyumbani asiyejua Kiingereza. Mpe mtoto simu, kisha ondoka chumbani. Ukikaa pale unakuwa mkalimani, na mkalimani akiwepo hakuna atakayejitahidi. Mkabidhi shughuli kamili: amuulize bibi pesa zimefika, amweleze jino lililong'oka, apokee maelekezo ya kupika kisamvu na kuyaleta jikoni yakiwa sahihi. Baba mtu wa Yanga ana nafasi yake pia. Mechi inatazamwa kwa Kiswahili, na anayetaka kubishana kuhusu penalti anabishana kwa Kiswahili.

Na Kiswahili chao kisahihishwe kwa kiasi. Binamu zao wanasema "batoto" kama wanavyosema kwa baba yao, na wangu wameokota hayo na mengine. Wageni kutoka Dar wakisikia wanataka kumkalisha mtoto chini wamnyooshe. Siwaruhusu. Kiswahili cha Kivu na Katanga kina mamilioni ya wenyewe, si Kiswahili kilichovunjika. Mtoto wa huku akijua kuhama kati ya kile na chetu ana mali ambayo wengi wetu tuliosoma Tanzania hatuna.

Kuhusu serikali, usiisubiri. Kanada ilitunga Sheria ya Lugha Rasmi mwaka 1969, lugha mbili, Kiingereza na Kifaransa. Tarehe 8 Oktoba 1971 waziri mkuu Pierre Trudeau akatangaza sera ya tamaduni nyingi ndani ya mfumo huohuo wa lugha mbili, na mwaka 1988 ikawa sheria. Yaani utamaduni wako unakaribishwa, ila lugha ni juu yako. Silalamiki, mpangilio ndio huo, na ni afadhali kuujua mapema. Sensa ya 2021 ilikuta watu milioni 9 hivi, mmoja kati ya wanne, wana lugha ya mama isiyo Kiingereza wala Kifaransa. Wanaozungumza zaidi lugha za namna hiyo nyumbani walikuwa milioni 4.6. Pengo hilo lina sababu nyingi, lakini wewe na mimi tunajua moja: uchovu wa mzazi saa kumi na mbili jioni.

Siku ya utamaduni shuleni napeleka sambusa kama kila mtu, watoto wanavaa kanga, walimu wanapiga picha. Ni siku nzuri. Lakini usijidanganye kwamba umeshamaliza.

Tena kuna jambo tunalipita haraka mno. Ottawa imejengwa kwenye ardhi ya Waalgonquin, wenyeji wa asili wa hapa. Kwa zaidi ya karne moja, hadi miaka ya 1990, nchi hii ilikuwa na shule za bweni ambako watoto wa wenyeji wa asili walitenganishwa na wazazi na kuadhibiwa wakisema lugha zao. Sheria ya kuzirudishia lugha hizo uhai ilikuja 2019 tu. Mary Simon alipoapishwa kuwa Gavana Mkuu mwaka 2021, mtu wa kwanza wa Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini, kushika nafasi hiyo, alijua Kiinuktitut, lugha ya kwao, na Kiingereza, na watu wakamsema kwa kutojua Kifaransa. Waeleze watoto wako habari hizi. Wangu walipozisikia, kwanza walikasirika, halafu mkubwa akaniuliza kwa nini yeye hajui Kisambaa.

Swali halali. Mama yangu ananisemesha Kisambaa, mimi namjibu kwa Kiswahili, vilevile kama watoto wenu wanavyowajibu kwa Kiingereza. Hatukuhitaji ndege kupoteza lugha. Ilitosha shule ya msingi. Kwa hiyo punguzeni kulia kwamba Kanada imetuharibia watoto.

Mwalimu akikushauri uzungumze Kiingereza nyumbani "ili mtoto asichanganyikiwe", msikilize kwa adabu, kisha endelea na lugha yako. Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto ameandika tangu miaka ya 1970 kwamba ujuzi ambao mtoto anaujenga katika lugha ya kwanza unamsaidia katika ya pili. Na hata bila utafiti, mzazi anayemlea mtoto kwa lugha asiyoimudu anabaki na amri tupu: njoo, kaa, acha. Kumbembeleza, kumtania na kumsema vizuri kunataka lugha unayoiweza.

Wakifika miaka kumi na mitatu hivi wengi wananyamaza. Wanaelewa kila kitu, wanajibu Kiingereza. Endelea kusema. Tena kabla hujawapeleka nyumbani likizo, wapigie simu shangazi na wajomba uwaombe wasicheke lafudhi. Nimeona kijana akifunga mdomo wiki nzima kwa sababu ya kicheko kimoja cha mezani.

Mwisho, darasa. Ontario ina mpango wa lugha za kimataifa kwa shule za msingi, ulioanza 1977 kwa jina lingine. Masomo ni nje ya saa za shule, mara nyingi Jumamosi, kama saa mbili na nusu kwa wiki. Jumuiya ikipata majina ya watoto ishirini na kitu, inaweza kuiandikia bodi ya shule kuomba darasa la lugha yake. Darasa peke yake halitamfundisha mtoto kuongea, ila litampa marafiki wa kuongea nao na litamfundisha kuandika. Majina yakusanyeni mapema, msingoje Septemba, na mtafuteni mwalimu kabla bodi haijawauliza. Wakongo, Wakenya, Warundi na sisi tuandike barua moja. Tukienda kila nchi kivyake hatufiki idadi.