Kabla hujauimba wimbo wa Nat King Cole, jua umetoka wapi

Vijana wanaoimba hotelini na kwenye sendoff hapa Dar huniuliza swali moja mara kwa mara: nyimbo za Nat King Cole unaziimbaje mpaka zikatulia? Maneno wameyakariri, ki (kimo cha sauti cha wimbo) wameipata, mpiga kinanda naye hana tatizo. Lakini wakipanda jukwaani wimbo unatoka kama karaoke. Jibu langu ni lilelile siku zote. Tafuta kwanza nani aliutunga, ulimfikiaje Cole, siku ya kurekodi ilikuwaje, na yeye mwenyewe alikuwa anapitia nini wakati huo. Nimeziimba nyimbo hizi kwa miaka mingi kwenye baa za hoteli na kumbi za harusi, na kila nilipoijua hadithi ya wimbo, namna yangu ya kuuimba ilibadilika yenyewe.

Tuanze na Cole mwenyewe. Wengi wanamjua kama mwimbaji tu, kumbe alianza kama mpiga piano. Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, akakulia Chicago, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti na mama yake alipiga ogani kanisani. Mwaka 1937, huko Los Angeles, akaunda kundi la watu watatu: piano, gita na besi. Ngoma hakuna. Wapiga jazi wenzake walimheshimu kwa vidole vyake kabla dunia haijaipenda sauti yake.

Ukilijua hilo, utaanza kusikia mambo ambayo yalikuwa yanakupita. Cole haburuzi neno. Analiweka mahali pake, analimaliza herufi zote, kisha ananyamaza. Ule ukimya ni nafasi ya piano kujibu, na mtu aliyezoea kuimba huku anajipigia mwenyewe huiacha bila kufikiri. Sisi waimbaji tusiopiga chombo tunaiogopa ile nafasi, tunaijaza na "oh" na "yeah" na mikwaruzo ya koo. Ninapoufanyia mazoezi wimbo wake ambao ni mpya kwangu, humwambia mpiga kinanda asipige chochote ninapoimba, apige pale tu ninaponyamaza. Raundi mbili tatu hivi zinatosha. Baada ya hapo hata bendi nzima ikiingia, mwili wako unakumbuka pa kuacha.

Sasa twende kwenye nyimbo. Wa kwanza ninaompa kila kijana ni Nature Boy, maana hadithi yake inabeba somo zima.

Mwaka 1947 Cole alikuwa anatumbuiza Lincoln Theater, Los Angeles. Nyuma ya jukwaa akatokea mtu mwenye nywele ndefu na ndevu, akaacha karatasi za muziki ili zimfikie Cole. Jina lake eden ahbez, na mwenyewe alitaka liandikwe kwa herufi ndogo. Alikuwa mtu wa kulala nje na kula matunda na mboga. Kwa muda aliishi na mkewe chini ya herufi L ya kwanza ya yale maandishi makubwa ya Hollywood yaliyo kilimani. Cole akaanza kuuimba ule wimbo kwenye maonyesho, watu wakaupenda, lakini ili utoke kwenye santuri ilibidi mtunzi apatikane atoe ruhusa. Ikabidi atafutwe.

Waliurekodi tarehe 22 Agosti 1947 pamoja na okestra iliyoongozwa na Frank De Vol, ukatoka Machi 1948, ukakaa namba moja Marekani kwa wiki nane. Hapo katikati kuna jambo ambalo napenda kila mwanamuziki alijue. Kuanzia tarehe 1 Januari 1948 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi. Cole alikuwa ameshamaliza kazi yake miezi kadhaa nyuma. Wimbo ulipovuma, wengine waliotaka kuuimba hawakuwa na mtu wa kuwapigia. Frank Sinatra aliurekodi na kwaya ya sauti tupu. Sarah Vaughan naye vivyo hivyo. Tafuta hizo rekodi mbili uzisikilize baada ya ile ya Cole. Kila moja ina uzuri wake, ila utaona jinsi zile fidla na filimbi za De Vol zilivyomjengea Cole msitu wa kutembea ndani yake, na wenzake wakalazimika kusimama peupe.

Baadaye akatokea mtunzi wa nyimbo za Kiyidi, Herman Yablokoff, akidai kwamba melodia ilitoka kwenye wimbo wake, na wakamalizana nje ya mahakama. Mimi nikiuimba huusikia ule unyonge wa nyimbo za kale za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na hunisaidia nisiuchangamshe. Ushauri wangu hapa ni mmoja: usiurefushe. Hauna kiitikio. Kila kitu kinaelekea kwenye mstari wa mwisho, na ukiuwekea solo tatu katikati, wageni watakuwa wameshasahau yule kijana anayesimuliwa kwenye wimbo alikuwa anasafiri kwenda wapi.

Wimbo wa Mona Lisa una hadithi ya aina nyingine, na hii inaniuma kila nikiikumbuka. Jay Livingston na Ray Evans waliutunga kwa ajili ya filamu ya Captain Carey, U.S.A., ambamo unasikika kwa vipande tu. Ukaja kushinda Oscar ya wimbo bora wa mwaka 1950. Cole alipourekodi, kampuni yake ya rekodi, Capitol, iliuweka upande wa pili wa santuri, ule ambao redio hazikutarajiwa kuupiga. Zikaupiga. Kwenye lebo mpangaji wa muziki akaandikwa Les Baxter, lakini aliyeketi na kalamu akazipanga zile fidla ni kijana ambaye hakuna aliyemjua wakati huo, Nelson Riddle. Cole alipojua nani hasa aliifanya kazi, akaanza kumtumia waziwazi, na miaka mitatu baadaye Riddle huyohuyo alikuwa anampangia Sinatra zile rekodi zilizomfufua kisanii.

Ninawasimulia vijana hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi: ukipiga kopi ya Mona Lisa, nusu ya unachokopi ni cha Riddle. Kwa hiyo mwambie mpiga kinanda aache ile sauti ya fidla za kinanda iliyopandishwa mpaka mwisho. Fidla za Riddle zinanong'ona chini ya sauti ya Cole, hazishindani nayo. Sababu ya pili inahusu haki. Nina rafiki mpiga gita aliyepanga wimbo mzima studio, kuanzia besi hadi waitikiaji, na wimbo ulipotoka jina lake halikuwepo popote. Taja waliokufanyia kazi. Hata ukumbini, kabla ya wimbo, inachukua sekunde tano.

Na ukiwa mtunzi, jilinde. Cole mwenyewe aliuuza wimbo wake wa Straighten Up and Fly Right, uliotokana na mahubiri ya baba yake, kwa dola 50. Ukawa wimbo mkubwa mwaka 1944, na hela ya utunzi ikaenda kwa mwingine. Kasajili kazi yako COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaizungusha kwa watu.

Unforgettable ndio unaoombwa zaidi kwenye harusi, na ndio unaoimbwa vibaya zaidi. Aliutunga Irving Gordon, Riddle akaupanga, Cole akaurekodi Agosti 1951. Vijana wetu wengi wameujua kwa rekodi ya 1991, ile ya sauti mbili, basi wanauimba mwanamume na mwanamke wakitazamana kama wachumba. Ile ni sauti ya binti na baba yake. Natalie Cole alikuwa na miaka 15 baba yake alipofariki mwaka 1965, na kwenye 1991 wataalamu waliichukua sauti ya zamani ya baba wakaiunganisha na ya kwake. Mwaka uliofuata ukazoa tuzo za Grammy, na Gordon akapewa tuzo ya wimbo bora wa mwaka, miaka 40 na zaidi baada ya kuutunga. Bibi na bwana harusi wakikuomba, waimbie ule wa 1951, mtu mmoja, polepole. Ule wa sauti mbili uweke kwa ajili ya bibi harusi anapocheza na baba yake. Nimeshauri hivyo kwa MC kadhaa, na sijaona ukumbi ambao haukutulia dakika hizo.

Lakini mwaka ambao lazima uujue, kama una muda wa kusoma mwaka mmoja tu wa maisha yake, ni 1956.

Tarehe 10 Aprili mwaka huo Cole alikuwa jukwaani Birmingham, katika jimbo lile lile alilozaliwa, akiwaimbia wazungu watupu, kwa kuwa sheria za huko zilitenganisha watu kwa rangi. Wanaume wazungu wakarukia jukwaani, wakamvamia na kumwangusha mbele ya umati. Baada ya hapo magazeti na viongozi wa weusi wenzake nao wakamlaumu kwa kukubali kuimba mbele ya hadhira iliyotengwa. Alipigwa upande huu, akashutumiwa upande ule. Na haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1948 aliponunua nyumba mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, majirani walijiunga kumzuia asihamie. Alihamia, akakaa.

Mwaka huohuo wa 1956, Agosti na Septemba, aliingia studio akarekodi albamu ya After Midnight, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano, pamoja na Harry Edison wa tarumbeta, Stuff Smith wa fidla, na wenzao. Novemba akaanza kipindi chake kwenye NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, na mpaka kinafungwa Desemba 1957 hakuna kampuni iliyokubali kukidhamini nchi nzima. Desemba 1956, katikati ya yote hayo, akasimama mbele ya okestra ya Gordon Jenkins kurekodi Love Is the Thing: When I Fall in Love, Stardust, nyimbo za mapenzi laini kuliko zote alizowahi kuimba.

Sikiliza ile When I Fall in Love huku ukijua hayo. Hakuna uchungu anaouonyesha, wala hajikazi. Sauti imekaa chini, karibu kabisa na kipaza sauti, kama mtu anayezungumza na mmoja tu. Watu wanadhani upole ule ni wa mtu ambaye hajaguswa na dunia. Mimi nasikia mtu aliyeamua. Kwa hiyo ukiuimba, usiulegeze kwa sababu tu ni laini. Simama wima, pumzi itoke chini tumboni, kila neno liwe na mwisho wake. Waimbaji wanaolegeza mwili wakidhani ndio ulaini, sauti inawashuka ki kabla ya mstari wa pili.

Stardust una jambo lake la ziada. Hoagy Carmichael aliurekodi mara ya kwanza mwaka 1927 ukiwa muziki wa haraka, bila maneno. Maneno ya Mitchell Parish yalikuja 1929, kisha bendi nyingine zikaupunguza mwendo ukawa wimbo wa mapenzi. Una utangulizi mrefu ambao waimbaji wengi huuruka, maana ni mgumu na haufanani na sehemu iliyobaki. Cole aliuimba wote. Ujifunze. Mpiga kinanda wako atalalamika, mvumilie.

Wale wa bendi zinazoimba Kilingala au Kihispania bila kukijua, chukueni albamu yake ya Kihispania, Cole Español ya mwaka 1958, iliyofanywa na wanamuziki wa Havana. Cole hakujua Kihispania, alikariri kwa sauti, na wenye lugha wanaisikia lafudhi yake mara moja. Bado watu wa Amerika ya Kusini waliipenda mno. Ninachowaomba ni kupiga hatua moja mbele yake: kabla ya kukariri, muulizeni mtu anayeijua lugha kila mstari unasema nini. Mkongomani hakosekani Dar.

Kuna pia sigara. Cole alivuta sana, na aliamini moshi ndio ulioipa sauti yake ule uzito. Saratani ya mapafu ilimuua tarehe 15 Februari 1965, na miaka yake 45. Bado nawasikia vijana wakiambiana nyuma ya jukwaa kwamba sigara "inakomaza sauti". Usiiguse. Uzito ule unapatikana kwa kuimba ki ya chini na kusogea karibu na kipaza sauti, ndivyo anavyofanya kwenye kila rekodi niliyoitaja.

Kama unataka pa kuanzia wiki hii, anza na After Midnight mara mbili kwa ajili ya piano, kisha Nature Boy, kisha Love Is the Thing kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Zile mkusanyo za "nyimbo bora" zinachanganya rekodi za miaka tofauti bila kueleza. The Christmas Song peke yake aliirekodi mara nne kati ya 1946 na 1961, na ile inayopigwa madukani kila Desemba ni ya 1961. Angalia mwaka kabla hujaanza kukopi, kwa sababu mwendo na okestra si sawa, na bendi yako itakuuliza unafuata ipi.