Kwa mwalimu mpya wa awali: wanaimba au wanasoma?

Ukipangiwa darasa la awali au la kwanza, wiki ya mwanzo utadanganyika. Utaandika a e i o u ubaoni, utaimba mara moja, na darasa zima litaitikia mpaka bati litikisike. Usifurahi mapema. Futa, andika u, a, i, halafu ita mtoto mmoja mmoja mbele. Hapo ndipo utajua nani anasoma na nani anaimba. Vuruga mpangilio kila siku, hata siku wanapoonekana wameiva.

Fundisha sauti kabla ya jina la herufi. Mtoto aliyekariri "be, che, de" akikutana na baba atasoma "be-a-be-a", na hana kosa, kwani ndivyo alivyofundishwa. Tamka b kwa kifupi, usiivutie irabu, kisha iunganishe na a: ba. Kiswahili kimetupendelea, maana karibu kila herufi ina sauti moja tu. Baada ya irabu tano, chukua konsonanti zinazozaa maneno haraka: m, k, t, l. Mwenye a na m tayari ana mama. Mpangilio wa alfabeti waachie wenye kamusi. Ch, sh, ny na ng' zije mwishoni, kila moja kama sauti moja.

Zinazosumbua kuliko zote ni b na d. Usizifundishe wiki moja. Ifundishe b mpaka ikae, ndipo d ije. Watoe nje waandike mchangani kwa kidole: b inaanza na mstari mrefu unaoshuka, halafu tumbo; d inaanza na tumbo, halafu mstari. Mkono unakumbuka mwendo. Maelezo ya "tumbo liko kulia" hayamsaidii mtoto ambaye kulia na kushoto bado vinamchanganya. Akigeuza herufi katika umri wa miaka 5 usimwite mzito, wengi hupitia hapo.

Halafu tazama a ya kitabuni. Vitabu vingi huchapa a yenye kofia juu, nawe ubaoni unaandika ya duara na mkia. Kwako ni ileile, kwake ni herufi mbili. Ziweke pamoja umwonyeshe. Na ukiwa mahali ambapo lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, mtoto atasoma kalamu kama "karamu". Kabla ya kumpa kosa, mwambie akuonyeshe l kwa kidole. Akiigusa sawasawa, herufi anaijua, ni ulimi tu haujazoea.

Zana zisikuumize kichwa. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa maka peni, ndani ya kopo, vinatosha: mtoto anachomoa, anatamka, anatafuta kizibo kingine chenye herufi ileile.

Darasa likiwa na watoto 80 huwezi kumsikiliza kila mmoja kwa siku. Chukua watano watano wengine wakiandika, na kwenye daftari la majina weka alama kwa herufi ambayo kila mmoja ameitambua nje ya mpangilio. Aliyekwama kwenye irabu usimkimbize kwenye konsonanti kwa kuwa andalio la somo linasema hivyo. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiuliza mbona uko nyuma ya azimio la kazi, ule mpango wa mada na wakati wa kuzifundisha, mfungulie daftari hilo.