Maswali na majibu: MC aliyekataa "Me Rehúso" mwongezeni posho

Hivi wimbo wa Kihispania "Me Rehúso" si wa Luis Fonsi, yule wa "Despacito"? (Msomaji, Tanga)

Si wake. Ni wa Danny Ocean, Mvenezuela wa Caracas. Jina linatokea pale pale kwenye simu uliyotumia kuniandikia.

Mimi na mchumba wangu tumeuchagua tuingie nao ukumbini. MC anasema haufai. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mombasa)

MC, na mumwongezee posho. Huo ni wimbo wa watu wanaotenganishwa na safari. Danny Ocean aliondoka kwao Venezuela wakati maisha yameharibika, akaenda Miami, mpenzi akabaki. Zaidi ya watu milioni 7 wameihama nchi ile, kwa hiyo kilio hicho kina wenyewe wengi. Kwenye kiitikio anagoma kumpa binti busu la mwisho: alitunze tu, atampa siku wakionana. Lini? Hasemi. Sasa ninyi mnaingia mmeshikana mikono, mashangazi wanapiga vigelegele, spika zinaaga! Tafuteni mwingine. Tatizo letu nyimbo za wenzetu tunazisikiliza kwa kiuno tu, na madijei ndio wanaoongoza.

Mbona wimbo wa 2016 hadi leo hauchuji? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu haukubebeshwa mizigo. Aliutunga na kuutayarisha mwenyewe, akauachia Septemba 2016 bila kampuni kubwa nyuma yake. Watu wakatumiana wee, mpaka kampuni zikamfuata. Vaa spika za masikioni usikilize: vinanda vichache, mdundo wa dembow, ule unaobeba muziki wa reggaeton, usio na papara, na sauti ya mtu anayejikaza. Halii, hapandishi sauti kutafuta huruma. Ngoma inakuita uwanjani huku maneno yanakukalisha chini, nawe unabaki katikati. Maprodyuza wetu wanaorundika vionjo hadi mwimbaji anazama, nawaombeni muusikilize mara mbili kabla hamjaingia tena studio.

"Despacito" ndiyo iliyoanzisha reggaeton, sivyo? (Wengi mno)

Sivyo, na nimechoka. "Despacito" ilitoka Januari 2017, miezi minne baada ya huu tunaouzungumzia. "Gasolina" ya Daddy Yankee ni ya 2004. Kabla ya hapo, mwaka 1995, polisi wa Puerto Rico walikuwa wakivamia maduka na kubeba kanda za muziki huu, eti ni matusi. Mdundo wenyewe wa dembow asili yake ni Jamaika, ukapitia Panama. Swali hili lisirudi.

Nipe tovuti ya kupakua biti ya "Me Rehúso" bure, niimbe Kiswahili juu yake. (Msomaji, Mwanza)

Sikupi. Prodyuza Clevie wa Jamaika na warithi wa mwenzake Steely wamewashtaki Marekani wasanii zaidi ya mia moja, Fonsi na Daddy Yankee wakiwemo, wakidai dembow ilichotwa kwenye "Fish Market" yao ya 1989. Wenzako wanabishania mdundo peke yake, wewe unataka biti nzima! Mlipe prodyuza wa mtaani kwako akupigie yako. Na hizo tovuti za bure zitakuachia virusi kwenye simu, halafu utaniandikia tena.

Naomba tafsiri yote, mstari kwa mstari, kabla ya saa kumi leo. (Hakutaja alipo)

Hapana.