Kwa mabeki wapya: ngumi kwanza, maki baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kucheza nyuma katika futiboli ya Australia, nimelazimika kuandika haya kwa sababu kila msimu unapofunguliwa nayaona makosa yale yale yakirudiwa na vijana wapya, tena vijana wenye vipaji, wenye miguu mirefu na pumzi ya kukimbia robo zote nne bila kuomba kutoka. Mpira mrefu unapigwa kuelekea golini kwetu, mshambuliaji anaruka, beki yuko nyuma yake kwa nusu hatua, na badala ya kuupiga ngumi anafungua viganja ili audake hewani, yaani achukue maki. Mpira unamponyoka, unaanguka miguuni pa mshambuliaji mfupi aliyekuwa akiusubiri hapo hapo, na pointi sita za goli zimekwenda. Kisha beki huyo anageuka kunitazama kana kwamba amepatwa na bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa uamuzi, na kazi ya beki, tangu mechi yake ya kwanza hadi siku anapostaafu, ni kujua wakati wa kujizuia.

Kwanza, basi, ni hiyo ngumi. Ukiwa mbele ya mshambuliaji, au ukiwa umefika peke yako chini ya mpira, daka. Ukiwa nyuma yake au ubavuni mwake, piga ngumi, na upige kuelekea mstari wa pembeni, kamwe usipige kuelekea mbele ya goli. Najua mtanijibu kwa kunitajia Leo Barry, kwa sababu kila mwaka kuna anayenitajia Leo Barry. Ni kweli kwamba katika fainali kuu ya mwaka 2005, sekunde za mwisho kabisa, West Coast waliupiga mpira mrefu kwenye kundi la watu, na Barry, beki wa Sydney, akaingia kwa kasi, akaruka na kuudaka juu ya wote. Sydney wakashinda kwa pointi nne, ukawa ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo tangu mwaka 1933 ilipokuwa bado ikiitwa South Melbourne. Ninaipenda maki ile kama mnavyoipenda ninyi. Lakini mnachokisahau ni kwamba kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo alikuwa akipiga ngumi katika mechi ambazo hakuna anayezikumbuka, na ndiyo maana dakika ile ilipofika aliweza kupima umbali wa mpira bila kubahatisha.

Vivyo hivyo kwa Jeremy McGovern, beki wa West Coast, katika fainali kuu ya mwaka 2018. Alicheza siku hiyo akiwa na maumivu ya mbavu, na mwishoni mwa mechi, West Coast wakiwa nyuma, alimwacha mtu wake, akaudaka mpira wa Collingwood, na kutoka kwake ukapita kwa Nathan Vardy, kisha kwa Liam Ryan, hadi kwa Dom Sheed aliyefunga kutoka karibu kabisa na mstari wa pembeni. Ushindi ulikuwa wa pointi tano. Vijana wengi hujifunza kutoka kwake sehemu moja tu, ile ya kumwacha mtu, nao humwacha mtu wakati ambapo hakuna mwenzao yeyote aliyeona wala aliyeambiwa. Uhuru wa kuondoka kwa mshambuliaji wako hutolewa na mabeki wenzako watano, na hutolewa kwa sauti.

Pili, kwa hiyo, semeni uwanjani: jina la mwenzako, upande, na iwapo ana nafasi au amebanwa.

Tatu ni kusimama kwenye alama, yaani pale mpinzani alipodakia mpira au alipopewa adhabu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo panaponiuma. Mwaka 1987, katika nusu fainali ya mwisho iliyochezwa Waverley Park, Melbourne walikuwa wakiongoza Hawthorn kwa pointi nne. Melbourne hawakuwa wamecheza hatua ya fainali tangu mwaka 1964, na kwa mashabiki wao dakika zile zilikuwa zimebeba miaka 23 ya kungoja. Gary Buckenara wa Hawthorn akapewa mpira wa adhabu, mbali na goli kiasi cha kumpa shaka hata mpigaji hodari. Jim Stynes, kijana wa Dublin aliyeletwa Melbourne kutoka kandanda ya Kigaeli ya Ayalandi na aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kwenye timu kubwa, akamwona mchezaji aliyekuwa akimlinda anaondoka, akamfuata, na katika kumfuata akakatiza mbele ya Buckenara, kati yake na mtu aliyesimama kwenye alama. Mwamuzi akatoa adhabu ya mita 15. King'ora kilikuwa kimelia, mchezo umekwisha isipokuwa kiki hiyo moja, na Buckenara akaupiga mpira katikati ya nguzo. Hawthorn walishinda kwa pointi mbili wakaenda fainali kuu, na kamera za televisheni zikamwonyesha Stynes akikaripiwa na kocha wake, kijana wa miaka 21 aliyeinamisha kichwa.

Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara natamani kumpigia kelele asimame. Kinachoniumiza ni kwamba Stynes hakuwa mvivu wala mzembe. Alikuwa akifanya kile ambacho sote tunafundishwa tangu siku ya kwanza, kumfuata mtu wako popote aendapo, na alikifanya kwa bidii katika nafasi ambayo bidii ilikuwa ndiyo hatari yenyewe. Hakuwa beki, maana alicheza nafasi ya kurukia mpira katikati ya uwanja, lakini kosa lake ndilo kosa kubwa la mabeki: miguu hutangulia, na akili hufika ikiwa imechelewa. Mtu ambaye hajakulia katika mchezo huu, kama yeye na kama wengi wenu, hujua sheria kichwani muda mrefu kabla ya mwili wake kuzijua. Mwili hufundishwa kwa kurudia. Ndiyo sababu kila Jumanne nawasimamisha kwenye alama mpaka mnachoka nami, na nitaendelea kuwasimamisha.

Adhabu yenyewe imekuwa kali zaidi tangu hapo. Tangu mwaka 1988 ni mita 50, ambazo kwa beki aliyesimama mita 55 kutoka golini kwake maana yake ni kumkabidhi mpinzani mpira mbele ya nguzo. Na tangu mwaka 2021, mwamuzi akishaamuru usimame, huruhusiwi hata kusogea pembeni. Kuinua mikono na kuruka hapo hapo ulipo kunaruhusiwa, na hakuna kingine. Stynes alibeba siku ile kwa miaka, lakini haikumwangusha: mwaka 1991 alitwaa Medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, na alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi ya ligi. Nawaeleza haya ili yule atakayekosea mwezi ujao, naye yupo, asijifiche kwangu Jumatatu.

Nne, pointi moja ya kujifungia, ile unayompa mpinzani kwa kuupitisha mpira mwenyewe nyuma ya mstari wa goli lako, haitolewi bure. Katika fainali kuu ya mwaka 2008 Hawthorn waliusukuma mpira nyuma ya mstari wao mara 11 dhidi ya Geelong, wakipoteza pointi moja moja ili wapate kuanza upya kwa kiki ya golini, na wakashinda kwa pointi 26. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Siku hizi ukiupitisha mpira kwa makusudi bila kubanwa, mwamuzi anampa mpinzani mpira wa adhabu miguuni pa goli lako. Tafuteni mwenzenu aliye huru kwanza.

Tano, katika kiki ya kutoka golini, tangu mwaka 2019 huhitaji tena kujipigia mpira ndipo utoke kwenye kisanduku cha mbele ya goli, kwa hiyo kimbia nao mita zako halafu upige.

Sita ni kichwa, na katika hili sitaki mjadala. Beki hurudi nyuma akiutazama mpira huku magoti na viwiko vinamjia bila yeye kuviona. Hakuna namna ya kucheza nafasi hii vizuri bila ujasiri huo. Ujasiri ule ule usiutumie kumdanganya daktari. Katika ligi kuu, aliyepata mtikisiko wa ubongo harudi kucheza kabla ya siku 12, na sisi wa ligi za mitaani tunangoja siku 21. McGovern yule yule wa mwaka 2018 alistaafu mwaka 2025 kwa ushauri wa jopo la ligi, kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo, akiwa bado anahitajika. Nikikuuliza baada ya kugongwa kama kichwa kinauma, nataka jibu la kweli, hata kama imebaki robo moja na tunaongoza kwa pointi mbili.

Saba ni subira, na hapa wengi wenu ndipo mnaponichosha. Mabeki hukomaa polepole. Tom Stewart hakuwa katika klabu yoyote kubwa alipokuwa na miaka 18. Geelong walimchukua mwishoni mwa mwaka 2016 akiwa na miaka 23, kutoka timu yao ya ligi ya Victoria, na akawa miongoni mwa wasomaji bora wa mpira wa juu katika ligi nzima. Kwa wale ambao wazazi wenu walipitia kambini, mnaye Aliir Aliir, mtoto wa familia ya Sudan Kusini aliyezaliwa Kakuma, Turkana, mwaka 1994. Sydney walimchagua katika drafti, ule uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, ya mwaka 2013, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa mwaka 2016. Fikirini misimu hiyo ya katikati, ya kucheza timu ya akiba na kurudi nyumbani Jumamosi jioni bila jina lako kutajwa popote. Alihamia Port Adelaide, na katika msimu wake wa kwanza huko, mwaka 2021, akachaguliwa katika timu ya wachezaji bora wa Australia nzima, nyuma, kwa kazi ya kuudaka mpira wa wapinzani.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kuniomba ahamishiwe mbele kwa sababu mechi tatu zimepita bila kugusa mpira vya kutosha, naomba amalize kwanza msimu mmoja nyuma, kisha aje tuzungumze.