Maswali ya wasomaji: Wenzo unagoma kufunga

SWALI: Shikamoo fundi. Nina bunduki ya wenzo inayotumia risasi za aina ya .30-30, na vichwa vya risasi namimina mwenyewe kwa kalibu ileile ninayoitumia siku zote. Safari hii wenzo uligoma ukiwa umebakiza kidogo tu kufunga. Nilipoufungua likatoka ganda peke yake: kichwa kimebaki mtutuni, baruti imemwagika ndani ya mitambo. Nikateremsha parafujo ya kuzamishia, ile inayoamua kichwa kiingie kina gani ndani ya ganda, mpaka kila risasi ikaingia. Sasa mfuo wa kubania, ule unaozunguka kichwa ambako mdomo wa ganda hubanwa, umezama ndani ya ganda, hauonekani tena, na nikipima, risasi ya kwanza na ya mwisho kwenye boksi zinapishana karibu milimita nzima. Juzi mbili zilitaka kupanda kwa pamoja zikakwama. Nimeshajaza 60. Nizipige tu ziishe?

JIBU: Marahaba. Usipige hata moja. Zing'oe vichwa zote 60, kisha tuongee.

Kichwa kikizama zaidi, nafasi ya baruti ndani ya ganda inapungua, na shinikizo linapanda kwa kipimo kilekile cha baruti ulichozoea. Tena kama vichwa vyako vina kikombe cha shaba kwenye kitako, kitako kikishapita shingo ya ganda, kikombe hakina kinachokishika. Kinaweza kuchomoka na kuangukia kwenye baruti. Kuhusu kile kilichobaki mtutuni, natumaini ulikitoa kwa fimbo ya shaba kutokea mdomo wa mtutu, bunduki ikiwa tupu, baruti yote ikiwa imefutwa. Kufyatua nyingine nyuma yake ni kupasua mtutu.

Haya, ugonjwa. Wewe umetibu urefu, na sidhani kama urefu ndio uliokuwa unaumwa. Lugha yetu inatumia neno risasi kwa madini na kwa kitu kinachofyatuliwa, kwa hiyo tukubaliane: kinachoruka ni kichwa, mbele ya kichwa kuna pua, na kichwa kikiwa ndani ya ganda lake ndiyo risasi nzima. Nashuku pua yako imenenepa.

Umesema kalibu ni ileile. Madini je? Hukunigusia. Mimi niliwahi kupata vyuma vya matbaa ya zamani, vigumu, vyenye antimoni nyingi (madini yanayoigumisha risasi), nikavimimina kwa furaha kwa sababu vilitoa vichwa vinavyong'aa kama vioo. Wenzo ukanigomea vilevile. Nilipopima pua nikakuta zimezidi za zamani kwa elfu 2 za inchi. Madini ya risasi yenye antimoni nyingi husinyaa kidogo zaidi inapopoa kuliko ile laini, hivyo kalibu moja inatoa vichwa vya unene tofauti. Elfu 2 ni kama unywele mwembamba, lakini kwenye mtutu wa .30 pua inatakiwa kuteleza juu ya matuta ya ndani ya mtutu, ambako upana ni karibu inchi .300, wakati mwili ndio unaojaa mifereji iliyo kati yake kwa .309 au .310. Pua ya .302 haitelezi, inajikita kwenye matuta kama kabari, na ukifungua wenzo inabaki hukohuko. Ndicho kilichokupata.

Usiniamini mimi, uliza bunduki. Tengeneza risasi moja ya bandia, haina baruti wala fataki (kile kitufe cha kitakoni kinachowasha baruti), kichwa kikae mahali pake sahihi: mdomo wa ganda ukiwa kwenye mfuo. Paka pua na mdomo wa ganda wino wa kalamu nene nyeusi au masizi ya mshumaa. Iingize taratibu, itoe, itazame. Ukiona mistari iliyokwaruzwa puani, kwa mpangilio sawa kuizunguka, hayo ni matuta. Ukiona alama ya duara kwenye mdomo wa ganda, basi mimi ndiye wa kuomba radhi, nawe uangalie mambo mengine. Labda ganda limerefuka, la .30-30 lisizidi inchi 2.039, na wengi tunalikata mpaka 2.029. Au mdomo uliupanua mno. Au kuna pete ya madini ya risasi iliyonyolewa mbele ya mdomo, ugonjwa wa wanaozamisha na kubana kwa pigo moja. Zamisha zote kwanza, kisha bana. Inachosha, najua.

Ikiwa ni pua, dawa iko kwenye chungu cha kuyeyushia: laini madini yako. Mchanganyiko wa sehemu 90 za risasi, 5 za bati na 5 za antimoni unatosha kabisa kwa vipimo vya wastani vya baruti. Ikishindikana, pitisha pua kwenye tundu la kupunguzia unene, au tafuta kalibu yenye pua nyembamba. Parafujo iache. Katika bunduki hii mfuo ndio unaoamua kina, kwa sababu unabeba kazi ambayo bunduki za kasha hazina. Katika bunduki yako risasi zinafuatana ndani ya bomba chini ya mtutu, na humo kila kichwa kinasukumwa na springi na kugongwa na mrudio wa bunduki. Kisipobanwa kwenye mfuo kinazidi kuzama chenyewe. Nakumbusha pia kwamba pua iwe bapa, maana yenye ncha inakaa juu ya fataki ya mwenzake aliye mbele.

Zile mbili zilizopanda pamoja ni matunda ya tiba yako. Katika baadhi ya bunduki za wenzo, risasi iliyolala kwenye kibebeo, kile kinachoipandisha kutoka bombani, ndiyo inayoizuia inayofuata kwa urefu wake. Ikiwa fupi, hiyo inayofuata inachungulia na kibebeo kinashindwa kupanda. Ndefu nayo haikubaliki: kikomo cha .30-30 ni inchi 2.550, yaani milimita 64.77.

Na ile tofauti ya milimita? Fungua kifaa chako cha kuzamishia utazame kijiti kinachosukuma pua. Nakuwekea dau utakuta donge la grisi. Grisi ya vichwa inajikusanya hapo kidogokidogo, kila kichwa kinasukumwa ndani zaidi ya kilichotangulia, na wewe hujagusa kitu. Ndiyo maana ya mwisho boksini ndiyo fupi. Mimi nakifuta kila baada ya vichwa 20 na kupima risasi moja hapohapo. Zamani nilikuwa nafuta "nikikumbuka", na sikukumbuka.

Vichwa utakavyong'oa virudishe chunguni, nje penye hewa kwa sababu ya moshi wa grisi. Baruti yake usiirudishe kwenye chupa kama imegusana na grisi hiyo, itupe.